Viumbe Hai kwa Mkaguzi

Jumanne, Tabora

Lakini barua ilisema wazi: mkaguzi Mzungu anakuja chuoni kuangalia viumbe hai. Ningejuaje kwamba hilo ni jina la somo? Mimi naosha chupa za maabara tu, na kusoma nimejifundisha mwenyewe. Kabatini tuna waliokauka tu, nikamleta mjomba wangu mfuga nyoka kutoka Kigwa, na kikapu chake. Maana mkaguzi akikifunga chuo, mimi ninayetamani kusoma nitaingia darasa gani?

Mkaguzi akauliza, "Mwalimu wa viumbe hai ni nani?" Nyoka walishatoka kikapuni, na mwalimu wetu wa somo hilo amepanda juu ya meza kuwakimbia. Mjomba akainua mkono.

Akahojiwa saa nzima: nyoka anakula nini, anazaaje, sumu inakaa wapi. Mjomba hajui kusoma hata jina lake, ila hakukosea hata moja. Mkaguzi, naye juu ya kiti, akaandika: somo liendelee kufundishwa, mradi huyu mwalimu asiachwe.

Nikamwambia, "Mjomba, basi niingize darasani."

"Niite mwalimu," akasema. "Kesho utabeba kikapu, nikuone kama unafaa."

Mimi naogopa hata mjusi.