Nani Anakata Laini Jioni?

Voi, Alhamisi, Oktoba 1998

Joto limekaza, na upepo wa mchana umeleta vumbi jekundu mpaka kwenye vitufe vya laptop. Nimevipuliza kimoja kimoja kabla ya kukaa kuandika. Siku nyingine ningelalamika. Leo nimejua jambo, na mtu aliyejua jambo havumilii kukaa nalo.

Nianzie mwanzo, nisije nikasoma haya mwakani nikashindwa kujielewa.

Mama yumo ndani ya eda tangu tulipomzika baba. Hatoki, na mimi sitaki abaki peke yake katika nyumba hii mpaka atakapomaliza. Ofisini kwangu Mombasa wamekubali nifanye kazi ya kutafsiri nikiwa huku, mradi niwapelekee kila siku kwa imeili kupitia simu ya nyumbani. Wakaniazima na laptop yenye modemu. Lakini kazi haiwafikii. Bosi amesema isipofika kufikia kesho, Jumatatu niwe mezani kwangu. Hakupandisha sauti aliposema hivyo, ndiyo maana nikajua hatanii.

Na laini inakatika.

Mchana hata kuipata Mombasa ni bahati, kwa hiyo nangoja magharibi, simu ziwe zimepungua na bei imeshuka. Napiga. Modemu inapiga ukelele wake, inatulia, inashika. Nashangilia peke yangu kama mwendawazimu. Kisha kazi ikianza tu kupanda, pap! Narudia, inashika tena, inakatika tena. Ikifika isha nimechoka na sijatuma kitu.

Fundi wa simu alikuja, akainua mkono wa simu, akausikiliza, akaurudisha. Akasema ni ndovu. Wamejikuna kwenye nguzo huko njia ya Sagala, nyaya zimelegea. Hapa Voi ndovu anabebeshwa kila kosa, kuanzia mahindi yaliyoliwa mpaka mtoto aliyechelewa shule. Nikamuuliza ni ndovu gani huyo anayejikuna magharibi tu. Akacheka, akanywa chai ya mama, akaenda zake.

Mimi nina tabia moja ambayo baba alikuwa akiicheka: kitu kikinishinda sikasiriki, nakifuata. Nimebadilisha waya unaotoka ukutani. Nimezima friji, nikazima feni, nikatafsiri huku jasho likinidondokea. Nimesogeza meza mpaka karibu na dirisha, ingawa najua kabisa modemu haijali upepo. Mama ananiangalia kutoka kwenye kiti chake, tasbihi mkononi. Nilimwambia asijisumbue na simu kabisa, nitakuwa napokea mimi.

Leo jioni nilibadilisha mbinu. Laini ilipokatika sikurudia kupiga. Niliinua mkono wa simu haraka, nikasikiliza.

Nikasikia taarifa ya habari.

Msomaji wa redio, mbali kidogo, ndani ya simu yangu! Na sikio langu la pili, lile lililoelekea dirishani, lilikuwa linasikia taarifa ileile, sauti ileile, kutoka ng'ambo ya ua. Nikabaki nimesimama na habari kwenye masikio yote mawili. Kisha ndani ya simu mtu akashusha pumzi, akaweka chini.

Nikachukua tochi, nikatoka nje. Chini ya mapaa, nyuma ya boganvilia, kuna waya mweusi ambao sikuwahi kuuona maishani mwangu. Umeunganishwa na laini yetu, ukafungwa kwa vipande vya leso kuukuu, ukapita juu ya ua na kuingia dirishani kwa Mama Wakesho.

Mama Wakesho ni jirani yetu, mtu wa Mwanda, mjane wa siku nyingi. Tangu msibani hajakosa kutuletea mboga na maziwa. Nilipobisha alifungua akiwa na uso wa mtu aliyekamatwa. Simu yake iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikamuamkia, nikamuuliza taratibu kama ni yeye anayeinua simu jioni.

"Nisamehe, Aisha mwanangu," akasema. "Mimi nainua tu nione kama bado iko. Nikiinua nasikia kelele, kama mafuta inakaanga. Nikajua ni watu wa simu wanatoa laini, kwa vile ilikuwa jina ya mzee, babako."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Mamako ako eda. Mimi nimekaa msiba, najua. Nitaingia kwa hiyo nyumba na maneno ya simu aje?"

Kisha ndiyo akasema kilichokuwa kinamla. Binti yake Wakesho yuko Eldoret, ni mjamzito na miezi imetimia. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Walikubaliana apige kila jioni bei inaposhuka, amwambie tu kwamba yuko salama. Tangu nilipokuja na laptop yangu, simu hiyo haijaita. Yeye kule anakuta laini ina mtu. Mama yake huku anasikia mafuta yanakaanga.

Nilitamani ardhi inimeze. Siku zote hizi nimemtafuta mwizi wa laini, na mwizi ni mimi.

Nilikuwa naanza kumwomba radhi simu ilipoita. Mama Wakesho aliiruka, kitambaa kikaanguka.

"Mama?" Sauti ya Wakesho niliisikia kutoka pale nilipokuwa nimesimama. "Mama, ni mvulana! Jana asubuhi. Tuko wazima wote."

Mama Wakesho alikaa sakafuni na mkono wa simu, machozi yakimtoka. Na kabla hajaipata sauti yake, ndani ya simu ileile ikaja sauti nyingine, ya pwani, yenye kwikwi ya kilio:

"Mashallah, Wakesho! Hongera, mwanangu. Mwenyezi Mungu akukuzie."

Mama yangu. Simu ilikuwa imeita nyumba zote mbili, mimi sipo, akainua mwenyewe.

Niliwaacha. Niliporudi nyumbani Wakesho alikuwa ameshakata, lakini mama bado alikuwa ameshika simu, amejikunja juu yake, anazungumza na Mama Wakesho aliye hatua chache tu ng'ambo ya ua. Nilikaa mbali. Ilichukua muda mrefu.

Alipoweka chini nilimuuliza mbona hakuniambia habari ya waya ule.

"Hukuniuliza," akasema. "Aliuvuta babako, Wakesho alipokwenda chuo. Nami nilidhani uliukata ulipokuja na mitambo yako."

Nikapiga Mombasa. Ikashika, na haikukatika. Nilitazama kazi yote ikipanda mpaka mwisho, ukurasa kwa ukurasa. Kwa hiyo nabaki. Kuanzia kesho tutangoja Wakesho apige kwanza, halafu ndipo modemu ipige kelele zake.

Nilipokuwa nafunga laptop nilimuuliza mama, kwa udadisi tu, walikuwa wanazungumza nini muda wote ule.

"Ameniuliza nalalaje usiku."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia silali."

Chumba changu kimepakana na chake. Nimeuliza maswali mengi sana katika nyumba hii tangu nifike, na hilo halikuwemo.

Nimebeba godoro langu. Leo nalala kwake.