Betri za Redio ya Baba

Kianyaga, Jumamosi

Baba mpendwa,

Huku kumeamka na manyunyu, na mlima haujajionyesha tangu tufike. Roboti ya klabu yetu, ule mkono wa mikebe wa kuchuma kahawa, ilikataa kabisa asubuhi ya mashindano. Betri ulizotutolea kwenye redio zilikuwa zimekufa kwa baridi. Nyumbani wewe huzianika juani zikapata nguvu, lakini hapa jua tungetoa wapi? Mwenzangu Wanjiru akazitia kwapani, ndani ya sweta, akakaa hivyo mpaka majaji wakafika mezani petu.

Tukazirudisha kwenye roboti. Mkono ukainua tunda moja jekundu, ukasimama katikati.

“Imechoka?” jaji akauliza.

“Inapumzika,” nikamjibu. “Hata mama akichuma hupumzika.”

Akacheka, lakini akangoja. Mkono ukatetemeka, ukaendelea.

Washindi watasomwa jioni, na kusema kweli sina haraka nao.

Msalimie mama, na ujifunike vizuri. Najua redio iko kimya na bado unakaa kando yake saa ya taarifa. Basi taarifa ya leo ni hii: tunda limefika kikapuni.

Binti yako,
Nyambura