Kamusi ya Muzee Muhindo

Jumatatu, 6 Oktoba
Kushusha Linux kumekatika tena, kwenye asilimia arobaini. Système ya bure, kila mutu ana ruhusa ya kuishusha, lakini si kwa courant ya hapa Ndosho, umeme wa kuja na kwenda. Méga za internet zimeisha. Machine ya Muzee Muhindo bado iko kwenye atelier yangu ya kutengeneza computer, virusi tupu. Mimi ndiye nilimwambia abadilishe système. Alikubali juu ya kamusi yake iliyo ndani, virusi visije kuikula. Alikuwa mwalimu Butembo. Miaka tisa anaandika maneno ya Kinande na maana yake kwa Kiswahili, kidole kimoja kimoja.

Jumanne, 7 Oktoba
Asilimia sabini na moja. Ikakatika. Nimekasirika hata chakula sikutaka. Wenye akili hapa Goma hawashushi kitu, wanatuma clé ya USB, flash, kwa mwenye connexion nzuri. Nimempigia Espérance, tulisoma pamoja, iko na kazi kwenye bureau moja kule Himbi. Amekubali.

Jumatano, 8 Oktoba
Kamusi nimeikopi kwenye clé moja. Nyingine, tupu, nimempa motard wa pikipiki apeleke Himbi kwa Espérance. Zote nyeusi, nilizinunua pamoja. Wateja watatu mlangoni wanapiga kelele, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza. Siku ya kuchosha.

Alhamisi, 9 Oktoba
Clé imerudi na système ndani. Nikaichomeka kwenye machine ya Muzee, ikauliza: nifute disque yote? Nikabonyeza ndiyo. Nusu saa, machine inakimbia kama mpya. Nikaimba hata. Nikachomeka clé ya kamusi.
Haina kitu.
Nilituma Himbi ile yenye kamusi. Kuandika système kwenye clé kunafuta kila kitu, ninajua, ninawafundisha watu. Sikuweka alama. Sikufungua kuangalia mbele ya kufuta. Si motard, si Espérance. Ni mimi, pumbafu mimi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Programu za kufufua mafaili, tangu asubuhi. Clé, disque, vyote. Vipande vya alama zisizosomeka. Muzee amepiga simu mara mbili. Sikupokea. Niliona haya.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimempelekea machine. Nikasema yote, nimesimama. Akauliza, "Hata maneno ya A?"
Hata A, papa.
Akafunga machine polepole. Akasema asante kwa kazi. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Novemba
Kila Jumapili kisha misa ninaenda kwake. Anasema neno, ninaliandika upya. Kopi ziko tatu, sehemu tatu. Tumefika herufi B.
Leo tulisimama kwa neno moja, jina la nyasi ambayo mama yake alikuwa anasukia vikapu. Akafunga macho. Akajaribu mwanzo wake, akaacha. Nyasi anaiona, anasema, jina ndilo limeenda. Mwezi uliopita lilikuwa limeandikwa.
Nimeacha nafasi. Tumeendelea na neno linalofuata.