Bundi Kwenye Mashine za Kusagia

Jumanne, usiku

Nilijua tu huyu bundi atanimaliza. Nani mwenye akili anachora bundi kwenye chombo cha jikoni? Mdachi! Kwao eti ni ndege wa hekima, ndiyo maana kiwanda chao kinampiga chapa kwenye kila mashine ya kusagia ulezi.

Nilimtambia Bwana Sefu, mwenye duka ninalouzia: "Kwa mdomo wangu huu, Bwana, zitakwisha kabla ya mvua." Haikutoka hata moja. Nikawaambia akina mama sokoni kwamba yule ni kuku. Mama mmoja wa Nkoaranga akaangua kicheko: "Kuku gani macho yote mbele? Mpelekee mama yako, asagie unga wa msiba."

Basi jana nikashika tupa, nikawakwangua bundi wote. Mjanja mimi! Leo asubuhi zikatoka mbili.

Jioni Bwana Sefu karudi kutoka Moshi na habari. Kesho wakala wa kiwanda anakuja kuchukua zilizobaki, na isiyo na chapa ataiita ya wizi.

Akapapasa chuma kitupu. "Bundi wako wapi?"

"Wameruka, Bwana."

Hakucheka. "Kesho utamweleza Mdachi mkubwa mwenyewe, bomani. Kiboko chako sikili mimi."

Sasa niko stoo na msumari, nawachora upya. Mgongo umeanza kuwasha kabla ya kuguswa. Wa kwanza ametoka paka.

Wa pili, afadhali yule paka.