Mgongo wa Mama Kwenye Kadi ya Mwaliko

Mpendwa mshauri, nakuandikia nimekaa uani juu ya ndoo niliyoipindua, mama amesinzia ndani na nina kama nusu saa kabla hajaamka, kwa hiyo nivumilie nikichanganya mambo, maana kichwa changu siku hizi kimejaa kama kabati lisilofungika, na hili nitakalokueleza sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Mimi ni mchapaji. Nafanya kazi nusu siku kwenye duka dogo la kuchapa kadi za harusi, kalenda na vitabu vya risiti, na muda wangu wote uliobaki ni wa mama, ambaye miguu ilimkatalia miaka mitano iliyopita, akili yake nzima kabisa na ulimi wake mzima zaidi, lakini kumgeuza, kumwogesha, kumvalisha, yote ni mimi. Tumezaliwa wawili tu. Dada yangu mkubwa ni mchoraji, anaishi mji mwingine, huja mara mbili kwa mwaka, na akija hukaa kwenye kiti kando ya kitanda anamchora mama huku mimi nafua, na wageni wakiingia husema, jamani, huyu dada anavyompenda mama yake.

Sasa dada amepata maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, kwenye ukumbi mkubwa, akanipigia: "Mdogo wangu, kadi za ufunguzi utanitengenezea wewe, nani mwingine mwenye mkono kama wako?" Nilifurahi, Mungu ni shahidi yangu, nikachagua karatasi nzito yenye rangi ya maziwa, nikayapanga maandishi mara nne mpaka yakatulia, ndipo akanitumia picha aliyoichora, ya kuweka mbele ya kadi. Mshauri, niliifungua kwenye kompyuta ya kazini bosi wangu amesimama nyuma yangu. Ni mama, amekaa kwenye beseni, mgongo wazi wote, mifupa inahesabika, na juu ya mgongo ule kuna mikono miwili yenye povu la sabuni. Mikono ni yangu, nalijua lile kovu la kisu cha kukatia karatasi. Uso wangu haumo, dada amenikatia kwenye viwiko. Bosi akasema, "Kweli dada yako ana moyo."

Kadi mia mbili. Nilizichapa zote, nikazikata kingo, nikazifunga kwa mipira mafungu manne, kisha nikazisukumia kwenye boksi chini ya meza na nikamwambia dada mashine imeharibika. Hii ni wiki ya pili. Kila siku ananiuliza, "Fundi amekuja?" nami namwambia fundi anasubiri kifaa, na uongo umerefuka mpaka huyo fundi nimempa mke mgonjwa. Zimebaki siku kumi na moja ufunguzi ufike. Sitaki watu wamwone mama vile, mtu ambaye hakuwa akitoka hata kwenda dukani bila kujitazama kwenye kioo mara mbili, lakini ukumbi ukiwa mtupu dada atasema nimemwonea wivu, na sijui kama atakuwa amekosea. Nizipeleke au nizichome? Nimechoka, mshauri. Nimechoka mpaka mama akiniita naitika kwanza kwa hasira, kisha kwa mdomo.

Mchapaji aliyechoka

JIBU

Dada mchapaji, pole, na pole yangu si ya kupita njia. Miaka mitano ya kumwinua mtu mzima huvunja kiuno, na anayekwambia ni thawabu tu, mwambie aje ashike upande mmoja. Sasa kaa vizuri tusemezane.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kitu kimoja, sijakiona. Mama anasemaje? Wewe mwenyewe umeniambia akili yake nzima na ulimi mzima zaidi. Dada yako ameuchora mgongo wake bila kumwuliza, wewe umeuficha chini ya meza bila kumwuliza. Mnagombania mgongo kana kwamba mwenyewe amekufa!

Tena tusidanganyane. Aibu ya mama ipo, lakini kinachokukereketa ni vile viwiko. Umefanya kazi yote, ukaachwa nje ya picha. Una haki ya kuumia, mwanangu, ila huna haki ya kulivisha jambo lako nguo za mama. Na huyo fundi, mruhusu leo akauguze mke wake.

Mama akiamka, mwonyeshe kadi, kisha funga mdomo. Usimsaidie kujibu. Atakalosema ndilo litakalofanyika. Halafu mpigie dada yako, uanze na uongo wako kabla hujafika kwenye kosa lake, na ukimaliza mwambie neno ambalo miaka yote hii hujalitamka: "Nimechoka, njoo." Usiseme "ukipata nafasi." Taja siku. Anayejua kuuchora mgongo anaweza kuusugua.

Wasomaji, kwa kuwa siku zilikuwa zinakwisha, nilimsomea jibu hili kwa simu kabla halijafika gazetini. Juzi akaniandikia tena, na kwa ruhusa yake nauweka ujumbe wake kama ulivyo:

"Mshauri, nilimwonyesha. Aliniagiza miwani, akaitazama kadi muda mrefu, akasema, 'Miaka sabini na sita natembea na mgongo huu, leo ndiyo naukuta.' Nikanyamaza kama ulivyonionya. Akasema, 'Ukutani sawa, anayetaka kuniona ajikokote aende. Kwenye kadi sitaki. Kadi watu huiweka chini ya sufuria.' Kisha akaweka kidole kwenye ile mikono. 'Huyu ni wewe. Mbona hukuniambia umekonda hivi?' Nikatoka nje.

Dada alinifokea, nami nikamfokea, tukalia, tukafokeana upya. Kadi nimezichapa tena, maandishi matupu, na zimeshasambazwa. Nilipomwambia aje Ijumaa alianza kusema ana kazi ukumbini, kisha akajikatiza mwenyewe, 'Nitakuja.' Akaja kwa basi la asubuhi. Alimwogesha mama mwenyewe, nusu ya maji ikaishia sakafuni, nikamsikia mama akisema, 'Taratibu, mimi si ukuta wa kupaka rangi!' Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili. Nilitaka kuinuka nikamwonyeshe jinsi ya kumshika. Sikuinuka."