Siku Niliyolala Kwenye Jeneza la Msikiti

Mjukuu wangu Rukia,

Hapa Keko sote wazima. Goti la bibi yako limetulia, na mama yako bado hajui ulichoniandikia: kwamba umeacha Uislamu, unasubiri ufadhili wa kusoma nje, na unaogopa nitakukana.

Nilipokuwa fundi seremala kijana, mie pia niliacha kuswali, kimyakimya. Mchana mmoja tukaletewa jeneza la msikiti, lile linalobeba kila maiti na kurudishwa. Mguu wake ulikuwa umelegea. Nilipoukaza, fundi mkuu akaniambia nilale ndani ili walijaribu kwa uzito wangu.

Nikalala, wakanifunika shuka lake la kijani. Mbao zilinukia karafuu maiti. Watu wanne wakanyanyua, mmoja akasema, "Mbona jepesi? Musa katoka saa ngapi?"

Nikasema, "Nimo humu." Hawakunisikia. Nikapiga kelele, wakaendelea kuniulizia huku wamenibeba. Nyundo za mafundi barabarani nazo zikawa hazisikiki tena.

Ndipo mama yangu, aliyeniletea chakula, akaita: "Musa! Wali unapoa."

Papo hapo mabega yao yakainama. "Huyu mzito!" wakasema.

Mama alikuwa akijua tangu zamani kwamba siswali.

Hata leo sijui ilikuwa nini. Baada ya miaka nilirudi msikitini kwa miguu yangu, na wewe sikuambii urudi. Nenda kasome. Ila simu yangu ikiita saa ya chakula, pokea, hata kama huna la kusema. Nitataja jina lako tu, nisikie kama bado una uzito.

Babu yako,
Musa