Kura ya Manoa na Mguu wa Debao

Jumatano, 4 Juni

Daktari alikuja nyumbani leo. Akafungua bendeji ya mume wangu Debao, akavaa glavu za pili. Sipendi daktari avae glavu mbili! Kidonda cha kisigino kimezama ndani, kinanuka. Sukari hii. Akasema twende Brisbane kwa ndege ya Jumanne, la sivyo mguu utakatwa.

Debao akacheka. Eti atoke kisiwani wakati huu? Kabla hajashuka kwenye ndege kule, huku watakuwa wameshamshusha kitini. Na si uongo. Aliyemtangulia alikwenda mkutanoni Suva siku tatu tu, akarudi si rais. Mkewe akaenda kumpokea na gari la kuazima.

Wiki ya saba hii mimi ni Mke wa Rais. Bado sijazoea. Polisi wa getini hunipigia saluti, nami namrudishia! Debao amenikataza.

Ijumaa, 6 Juni

Wapinzani wamepeleka hoja ya kutokuwa na imani. Kura Jumanne. Jumanne hiyohiyo ya ndege.

Anayetaka kiti ni mume wa Eiruwi. Eiruwi wangu! Mama yake na mama yangu tumbo moja, na kwetu ukoo ni wa mama, basi ni mdogo wangu, hakuna cha binamu. Amekuja mchana na bakuli la samaki wa tui, kama kila Ijumaa. Tumekaa barazani. Yeye anajua, mimi najua. Tukaongea habari za mapazia.

Akiondoka akasema, "Dada, nikihamia nyumba hii ya serikali, yale ya kijani nitayatoa."

Nikamwambia ayatoe, mabaya hata mimi nayaona. Tukacheka hadi machozi. Alipokwenda nililia yale mengine.

Jumamosi, 7 Juni

Debao amehesabu wabunge. Wanane kwake, wanane kwao, Spika hapigi kura. Amebaki mmoja — Manoa, ndugu yangu wa mwisho, niliyembeba mgongoni. Debao akanituma. "Nenda kwa mdogo wako. Wewe ndiye mkubwa wao."

Nikaenda kwake Anibare. Manoa alikuwa anatengeneza injini ya mashua, mikono mafuta matupu. Nikasema, "Mpigie kura shemeji yako."

Akasema, "Yupi? Ninao wawili. Dada Eiruwi alikuwa hapa asubuhi, kaniletea keki."

"Mimi sikuleta keki."

"Nimeona." Halafu akaacha mzaha. "Dada, nyote damu yangu. Nikimpigia mmoja nitakulaje kwa mwenzake? Mama hayupo, mkubwa wa ukoo ni wewe. Sema neno, nitalifuata. Eiruwi nimemwambia hivyohivyo, kakubali."

Amekubali! Kaniachia mimi. Ananiamini hivyo, au ananijua?

Nikarudia: mpigie Debao. Nimerudi nyumbani nimeringa. Kwenye kumvua Debao viatu nikaona soksi imegandamana na nyama.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Benchi letu la mbele limejaa, wake wa marais sita, mimi wa saba. Hapa ukirusha jiwe halikosi mmoja wetu. Mama Eibwaru, ambaye mumewe alitawala siku kumi na moja mwaka sijui upi, bado anaitwa Mama Rais na bado anakaa mwisho wa benchi penye upepo.

Debao alisimama kusoma Neno. Amevaa ndala mguu mmoja, kiatu mguu mmoja. Watu wakatazama vitabu vyao. Katikati ya aya akashika mimbari, akafumba macho, akaendelea.

Mama Eibwaru akaninong'oneza, "Mimi wangu walipomwangusha nililia siku tatu. Ya nne akaingia jikoni, akaniuliza chai iko wapi. Hakuwahi kujua jikoni kwetu kukoje!" Akanifinya paja. "Kiti kinarudi, mwanangu. Mguu haurudi."

Baada ya ibada nikamvuta Manoa nyuma ya tangi la maji. Nikasema, "Mwangushe."

Akaniangalia kama nimelewa. "Jana ulisema—"

"Jana nilisema ya jana."

"Dada, huyu ni mumeo."

"Ndiyo maana!"

Ee Mungu, nimemsaliti mume wangu Siku yako, na nguo ya kanisani mwilini.

Jumatatu, 9 Juni

Debao ameamka na furaha. Ameoga mwenyewe. Amekaa kitandani ananisomea atakachosema bungeni: mitambo ya maji, taa za barabarani Aiwo, wazee wapate dawa. Miaka kumi na minane benchi la nyuma, akasema, na sasa Mungu amemsikia, na amemsikia kupitia mimi! Akanibusu mkono. Huu huu.

Sikuweza. Nikaendesha hadi kwa Manoa kufuta neno la jana. Yuko baharini. Nikamwachia mkewe ujumbe: mwambie Dada amerudi kwenye la Jumamosi. Mkewe akaniambia kwa upole nikae kwanza, ninywe maji.

Nimerudi, Debao anatetemeka kwa homa. Simu za kisiwa kizima zimekatika. Nikatoka tena kwenda kwa Manoa nifute lile la kufuta. Nikafika nusu njia nikageuza. Nimwambie lipi?

Nimeomba. Sijui nimeomba nini.

Jumanne, 10 Juni

Bungeni, viti vya juu. Naandikia mapajani. Eiruwi kakaa pembeni yangu, ameshika mkono wangu wa kushoto, unatoa jasho, sijui ni jasho la nani.

Debao amehutubia amekaa, mguu juu ya kigoda. Amesema vizuri! Hata wapinzani wamegonga meza.

Wanaitwa mmoja mmoja. Nane. Nane. Manoa wa mwisho kwenye orodha. Hakulala nyumbani, nimesikia, amekuja hapa moja kwa moja kutoka mashuani. Basi mkewe amemwona au hakumwona? Neno gani analo?

Spika amemwita. Amesimama. Hamtazami Spika, ananitazama mimi. Bunge zima limegeuza shingo huku juu, na Debao pia, anatabasamu, midomo myeupe.

Eiruwi ananong'ona, "Dada, ulimwambia nini?"

Nimefungua mkoba nitafute leso. Pasipoti ya Debao imo, tayari kwa ndege ya leo. Na yangu. Sikumbuki kuziweka —